Bomba Halijifukui

Kuna kauli imeshakuwa ya kawaida mno kwa wanaofuatilia kilimo cha Marekani, nami nimeichoka. Inasema takwimu zinazotoka kwa wakulima hazina thamani tena: mkulima hajibu dodoso, akijibu anakisia, akikisia anajipendelea. Basi tuache kumsumbua, tuache kumwaga fedha za umma kwenye makaratasi. Setilaiti ziko juu zinaona kila kitu, na kompyuta zitajumlisha. Nimeisikia mikutanoni, nimeisoma kwenye magazeti ya kilimo, na nimemsikia kijana msomi, Mtanzania mwenzangu, akiirudia kwa uhakika wa mtu anayesoma saa ukutani. Mfano wanaoupenda ni ule wa mabomba yaliyozikwa chini ya mashamba. Nitautumia huohuo, kwa sababu mabomba hayo nimeyashika kwa mikono yangu, na kwa sababu ukiusogelea mfano huo unawageuka waliouleta.

Kwanza mabomba yenyewe, maana msomaji wa Morogoro au Eldoret huenda hajawahi kuyasikia. Kaskazini ya kati ya jimbo la Iowa ni uwanda uliosawazishwa na barafu kubwa ya kale. Barafu ilipoyeyuka iliacha udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu, ikaacha na mabwawa madogo yasiyohesabika ambayo maji yake hayana pa kutokea. Mvua za Aprili na Mei zikinyesha, maji yanatuama, mizizi ya mahindi inakosa hewa, na mmea unageuka manjano na kufa juu ya udongo ambao mkulima yeyote angeuota. Dawa yake ni kuchimba kina cha mita moja hivi, kulaza bomba lenye matundu kwa mteremko mdogo sana, kisha kulifukia. Maji ya ziada yanajipenyeza ndani, yanatiririka hadi kwenye mtaro, na kutoka mtaroni yanaingia mtoni. Zamani mabomba yalikuwa vipande vya udongo wa kuchomwa vya urefu wa futi moja, vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana wakulima wa huko wanayaita vigae mpaka leo, ingawa sasa ni plastiki inayoletwa imeviringishwa kama kamba. Mhamiaji wa Kiskoti, John Johnston, ndiye anayetajwa kuianzisha kazi hii Marekani, shambani kwake karibu na Geneva, New York, katika miaka ya 1830. Majirani walimshangaa mtu anayezika vyungu. Ngano yake ilipozidi yao, mshangao ukaisha.

Sasa namba. Sensa ya Kilimo ya Marekani hufanywa kila baada ya miaka mitano, kwa miaka inayoishia na 2 na 7. Ile ya 2012 ilimuuliza mkulima ana ekari ngapi zinazotolewa maji kwa vigae, swali ambalo sensa hiyo ilikuwa haijaliuliza kwa miongo kadhaa. Jumla ya taifa ikawa ekari milioni 48.6. Mwaka 2017 ikawa milioni 55.6. Hilo ni eneo linalokaribia Uganda nzima, na Iowa peke yake ilikuwa na ekari milioni 14 hivi.

Mashtaka yanaanzia hapo. Ekari milioni 7 kwa miaka mitano, wanauliza, zimetoka wapi? Fungua majedwali ya kaunti: nyingine zimepaa kwa kasi isiyoelezeka, nyingine zimeshuka. Zimeshuka! Na bomba halijifukui. Hakuna mkulima anayelipa mtu achimbue plastiki inayofanya kazi chini ya mahindi yake. Kwa hiyo ama mkulima wa sensa ya kwanza alidanganya ama wa pili alidanganya, na namba zote mbili zitupwe. Juu ya hapo wanabandika kiwango cha majibu: asilimia 74.6 mwaka 2012, 71.8 mwaka 2017, na 61 mwaka 2022.

Nakubali kwamba kaunti inayoshuka inahitaji maelezo. Nakubali pia kwamba bomba halijifukui. Nisichokubali ni maelezo waliyoyachagua, kwamba mkulima ni mwongo. Wameyachagua kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono.

Nitasimulia siku moja. Mwaka 2019 majira ya mvua yalikuwa mabaya kupita kiasi. Wakulima wa Marekani waliripoti ekari zaidi ya milioni 19 walizoshindwa kuzipanda, nyingi kwa sababu ya maji. Baada ya mavuno ya mwaka huo kila aliyekuwa na bwawa shambani alitaka mabomba, na mimi nikapata kibarua kwa mkandarasi mmoja wa kuyazika, kaskazini mwa mji wa Des Moines, hapohapo Iowa. Kazi yangu ilikuwa ya kuingia shimoni. Trekta lenye jembe refu linapita likilaza bomba la inchi nne, GPS ikiongoza mteremko usiozidi upana wa kiganja kwa kila mita mia moja. Mimi nasubiri pale bomba dogo linapokutana na bomba kuu, nalikata kwa kisu, naliunganisha, nafukia kwa koleo kabla udongo haujaporomoka.

Shamba moja, mkulima aliyekuwa analilima alituhakikishia kwamba chini hakuna kitu. Alikuwa amelikodi kwa miaka 11. Siku ya pili jembe liligonga, kukasikika mlio mkavu kama sahani inayovunjika jikoni, na vipande vyekundu vikatoka na udongo. Msimamizi akazima injini. Tukashuka na makoleo, tukafukua taratibu, na pale chini palikuwa na kigae cha udongo, kinene kama mkono wa mtu, kimepasuka ubavuni. Ndani yake maji yalikuwa yanakwenda. Maji safi, ya baridi, yanakwenda kimya, kama yalivyokuwa yanakwenda kabla sisi sote tuliosimama pale hatujazaliwa.

Mkulima akampigia mwenye shamba, bibi mzee anayeishi mbali na Iowa. Baada ya saa nzima bibi yule alituma picha ya karatasi: risiti ya zamani ya chakula cha mifugo, na nyuma yake mistari ya penseli imechorwa kama mfupa wa samaki. Babu wa marehemu mumewe ndiye aliyeichora. Karatasi ilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya ubatizo. Mchana tulipokaa kula, yule mkulima alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kila dodoso la sensa lilipomfikia aliandika sifuri kwa shamba lile. Aliandika alichokijua.

Msimu ule nilimkuta mtu wa namna hiyo mara nne. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hulimwa na watu wasioimiliki. Anayejibu dodoso ni anayelima, na anayejua kilichozikwa, kama bado yupo, ni mwingine. Mwaka 2017 shamba linajibiwa na mzee aliyekua akimshikia baba yake taa wakati wa kuziba kigae kilichopasuka. Miaka mitano baadaye mzee amestaafu, shamba limekodishwa kwa kijana kutoka kaunti ya pili, na kijana anaandika anachokiona: mahindi. Ekari zimeshuka kwenye jedwali, hakuna bomba lililong'olewa, na hakuna aliyesema uongo.

Halafu kuna swali lenyewe, na hapa ndipo ningetaka wasomi wetu wakae muda mrefu kidogo. Dodoso linauliza ekari zinazotolewa maji kwa vigae. Shamba la ekari 80 lenye mstari mmoja wa bomba uliopitishwa kwenye bonde, linahesabiwa ekari 80, au zile sita za bondeni? Mkulima mmoja ataandika 80, jirani yake ataandika 6, na wote wawili wamejibu kwa haki. Zaidi ya hapo, namna ya kuzika imebadilika. Mistari ya zamani mara nyingi ilitengana futi 80 au 100. Siku hizi tunarudi kwenye shamba lilelile na kupitisha mstari mpya katikati ya kila miwili ya zamani. Urefu wa bomba chini ya ardhi unakaribia mara mbili, maji yanatoka kwa kasi zaidi, mbolea iliyoyeyuka inatoka nayo, na hesabu ya ekari haisogei hata kidogo. Niliuona mwaka mzima wa kazi ambao kwenye Sensa ya Kilimo hauwezi kuonekana popote. Anayesoma namba isiyopanda na kutangaza kwamba uzikaji umepoa amesoma kitu ambacho swali halikukiuliza.

Na hiyo asilimia 61? Ni mbaya, wala sitaipamba. Lakini anayeitaja aseme pia kwamba idara ya takwimu ya Wizara ya Kilimo, inayofanya sensa, haijumlishi tu fomu zilizorudi. Kila fomu hupewa uzito wa kufidia wasiojibu, walioachwa nje ya orodha na walioingizwa kimakosa, na kila Juni wadadisi hutembelea vipande vya ardhi vilivyochaguliwa ili kujua orodha imemwacha nani. Uzito huo unasaidia kwa taifa na kwa jimbo. Kwa kaunti yenye majibu machache namba inayumba, na inayumba zaidi kila majibu yanapopungua. Mkulima mmoja mwenye ekari 3,000 akirudisha fomu mwaka huu na asirudishe sensa ijayo, jedwali la kaunti yake linatikisika. Hiyo ni hoja ya kutafuta majibu mengi zaidi, kwa kugonga milango na kukaa na watu mezani. Namna gani inageuka hoja ya kuacha kuuliza, sijaelezwa na mtu nikaelewa.

Wanaomtuhumu mkulima wana jambo jingine la kujibu. Mkulima huyohuyo anayeitwa mwongo kwenye vigae, kila mwaka huripoti ekari za mahindi na za soya alizopanda, shamba kwa shamba, hadi sehemu ya ekari, na serikali pamoja na kampuni za bima huzitegemea ripoti hizo kulipa fedha halisi. Kwa nini huko anaaminika? Tabia yake haibadiliki akitoka chumba kimoja kuingia kingine. Tofauti ni kwamba ekari za kupanda zina ramani iliyokubaliwa, zina tarehe, zina karatasi aliyoisaini mbele ya ofisa, na mbegu aliinunua mwenyewe. Vigae havina karatasi yoyote ila ile iliyo kwenye kopo la biskuti la bibi. Mtu yeyote, profesa au mkulima, ukimuuliza jambo asilo na kumbukumbu yake atakukadiria. Umuulize huyo kijana msomi alitumia lita ngapi za maji mwezi uliopita bila kumpa ankara yake, uone atakachokuambia.

Sasa tuzigeukie setilaiti. Sizidharau. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, shamba likiwa tupu, udongo ulio juu ya bomba hukauka kwanza, na kutoka angani unaona mistari myeupe kwenye udongo mweusi, mizuri kama mshono wa fundi. Nimeiona kwenye picha za mashamba niliyoyafanyia kazi. Lakini ili uione, ni lazima mvua iwe imenyesha kiasi kinachofaa, picha ipigwe siku yenyewe, mawingu yasiwepo, na udongo uwe wazi. Mkulima anayeacha mabua ya mahindi juu ya ardhi au kupanda majani ya kufunika udongo wakati wa baridi, ambaye sote tunamsifu kwa kuhifadhi ardhi, anaifunika na hiyo mistari. Watafiti wa Wizara ya Kilimo huko Columbus, Ohio, wamejaribu rada inayopenya ardhini na kamera za joto zinazorushwa kwa droni. Wamepata matokeo mazuri mashamba fulani na kukwama mengine, kulingana na udongo na unyevu wake. Hizo ni kazi za shamba moja moja. Ekari milioni 55 ni habari nyingine.

Na ramani zile za taifa ambazo kila mtu anazirusha kwenye mawasilisho yake? Iliyo maarufu zaidi, iliyochapishwa mwaka 2020, inagawa nchi katika miraba ya mita 30 kwa 30 na kukuambia upi una vigae. Imetengenezwa kwa ustadi. Lakini ilianza na nini? Ilichukua hesabu za kaunti za Sensa ya Kilimo ya 2017, ikazisambaza juu ya udongo unaotuamisha maji na mashamba yanayolimwa. Chini ya rangi zake kuna fomu za wakulima. Mtu anayesema tuache sensa tutumie ramani hii anataka kuendelea kunywa kisimani huku anakifukia. Sensa ikifa, ramani itabaki kama ilivyokuwa mwaka 2017, ikizeeka kimya, na hakuna atakayejua imezeeka kiasi gani kwa sababu kipimo chake kimezikwa.

Tena jambo hili limeshajaribiwa. Miaka ile sensa ilipokuwa haiulizi, waliohitaji hesabu ya vigae walilazimika kuikisia. Mwaka 2007 taasisi ya World Resources Institute ilitoa kazi iliyounganisha ramani za udongo na za mazao ili kukadiria mabomba yako wapi. Ni kazi ya heshima. Lakini udongo unakuambia ni wapi mkulima angehitaji kuzika. Haukuambii ni wapi alizika, wala lini. Kati ya kuhitaji na kuzika kuna bei ya mahindi, kuna mkopo wa benki, kuna ndugu wawili wanaogombea urithi, kuna mwenye shamba aliyekataa kulipa kwa kuwa anataka kuuza. Hayo yanajulikana kwa kuuliza watu.

Huko kwetu Afrika Mashariki hoja ileile imeshaanza kuuzwa, na kwa bei kubwa zaidi, kwa sababu wakulima wetu ni wengi na vipande vyao ni vidogo. Kuna ushahidi wa kweli kwamba mkulima akiulizwa ukubwa wa shamba lake hukosea kwa mpangilio: takwimu za Uganda zilizochambuliwa na Calogero Carletto na wenzake zilionyesha wenye vipande vidogo wanavitaja kuwa vikubwa kuliko vilivyo, na wenye vikubwa wanavipunguza. Wanaopinga maswali wananukuu sehemu hiyo na kufunga kitabu. Lakini kosa hilo liligunduliwaje? Wadadisi walikwenda shambani, wakamuuliza mwenye shamba, kisha wakatembea naye mpakani wakiwa na GPS, na majibu mawili yakawekwa kando kwa kando. Kosa likajulikana ukubwa wake na mwelekeo wake, likawa linasahihishika. Bila mkulima wa kuonyesha mpaka ulipo, hicho kifaa cha GPS kingezungushwa wapi?

Mtu anaweza kusema haya ni malumbano ya watu wa takwimu, yaachwe kwao. Mimi naishi Des Moines. Maji ninayokunywa yanatoka mito miwili, Raccoon na Des Moines, na mito hiyo inapokea maji ya vigae vya mamilioni ya ekari. Naitreti inayotokana na mbolea na udongo wenyewe haishikwi na udongo. Inayeyuka, inashuka, na bomba linaipa njia ya mkato kwenda mtoni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa ni miligramu 10 kwa lita, na kiliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga, ambao naitreti huizuia damu yao kubeba oksijeni. Mamlaka ya maji ya mji huu ina mtambo wa kuchuja naitreti tangu mapema miaka ya 1990. Juni 2025 mito ilijaa naitreti kiasi kwamba wakazi wapatao 600,000 wa Des Moines na miji ya jirani walipigwa marufuku kumwagilia nyasi, ili mitambo iweze kuchuja maji ya kunywa yabaki ndani ya kiwango.

Wiki ile jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Kivu aliyejifungua miezi mitatu nyuma, aligonga mlango wangu akiwa na chupa ya mtoto mkononi.

"Kaka, wewe unasoma mambo haya. Haya maji naweza kumkorogea mtoto maziwa?"

Nilimwambia ndiyo, kwa sababu yaliyokuwa yanatoka bombani yalikuwa bado ndani ya kiwango. Akaniuliza basi hiyo sumu inatoka wapi, shamba gani, la nani. Nikamweleza habari za mabomba, nikafika mahali nikashindwa kuendelea, maana shamba gani na bomba gani hakuna orodha duniani inayoweza kumjibu. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya mji iliwashtaki wasimamizi wa mitaro ya kaunti tatu za kaskazini magharibi: Sac, Calhoun na Buena Vista. Mwaka 2017 kesi ilitupwa, kwa msingi kwamba wasimamizi hao hawana mamlaka ya kurekebisha kinacholalamikiwa. Kesi haikufika kwenye mabomba yenyewe, kwenye kipi kinatoa nini. Sheria ya shirikisho ya maji safi nayo huyasamehe maji ya mvua yanayotoka mashambani yasihitaji kibali. Kwa hiyo sensa, na upungufu wake wote, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo taifa linauliza kwa sauti: wangapi mnayo, na ni kiasi gani?

Na kuacha kuuliza si nadharia ya mikutanoni. Mwaka 2023 bunge la Iowa lilipunguza fedha za utafiti zilizokuwa zinasaidia kugharimia vipimo vya naitreti vilivyowekwa kwenye mito ya jimbo. Aprili 2024 idara ya takwimu ya Wizara ya Kilimo ilitangaza kufuta makadirio ya mazao na mifugo ya ngazi ya kaunti, kwa sababu ya bajeti. Wakulima wenyewe na vyama vyao ndio waliokuwa mstari wa mbele kupiga kelele, na miezi michache baadaye idara ikatangaza kuyarudisha. Liwekwe akilini hilo: wanaosemwa kuwa hawajali takwimu walisimama kuzidai. Wanajua kwamba pasipo na namba ya umma, mwenye namba ni mfanyabiashara mkubwa wa nafaka, naye haigawi bure. Kila anaposimama mtaalamu na kusema takwimu za wakulima ni takataka, anamwandikia mkata-bajeti hotuba yake. Takwimu zenye kasoro zinarekebishwa. Wao wanataka kumtupa jongoo na mti wake.

Tena marekebisho yenyewe yako karibu sana, nimeyaona kwenye kioo cha trekta. Mashine inayozika bomba leo inaongozwa na GPS, na wakati inalaza inachora: kila mstari, kina chake, mteremko wake, siku na saa. Jioni msimamizi wetu alikuwa anaihifadhi ramani ile kwenye kompyuta, nakala moja kwa mteja, nyingine kwenye kabati la ofisi, na habari yake inaishia hapo. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za Johnston tuna ramani kamili ya kinachozikwa, iliyochorwa na mashine wakati wa kuzika, bila kumtegemea mtu akumbuke. Tunaiacha ilale kabatini hadi mkandarasi afunge biashara.

Jimbo la Ontario, ng'ambo ya mpaka huko Kanada, halikuiacha ilale. Huko mkandarasi wa vigae anahitaji leseni, mashine yake inahitaji leseni, na anayeiendesha anahitaji leseni, na serikali ya jimbo ina ramani ya maeneo yenye vigae ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuitazama. Wakulima wa Ontario hawajafilisika kwa hilo. North Dakota, jimbo la wahafidhina wasiopenda kuingiliwa na serikali, linataka kibali kwa mradi wa vigae wa ekari 80 au zaidi. Basi nikiambiwa kwamba mkulima wa Iowa hawezi kuvumilia kuorodheshwa, nauliza ni kwa lipi anatofautiana na hao. Hofu yake naielewa. Baada ya ile kesi ya 2015 ningekuwa mimi ningeogopa pia. Lakini Sensa ya Kilimo inalindwa na sheria inayokataza jibu la mtu mmoja kutolewa kwa yeyote, iwe mahakama, iwe kodi, iwe jirani. Hofu hiyo hutulizwa na mtu anayekuja kukaa naye na kumweleza. Fomu iliyotumwa kwa posta haiwezi, na setilaiti haiwezi kabisa.

Sensa ijayo ni ya 2027. Kwenye dodoso lake, pale panapoulizwa ekari za vigae, kuna nafasi ya mistari mitatu. Wa kwanza uulize kama shamba ni lako au umelikodi, na kama umelikodi, nani anajua kilicho chini yake. Wa pili uulize kama mabomba yamepita shamba zima au sehemu tu, na kama yameongezwa katikati ya yale ya zamani. Wa tatu uulize ramani iko wapi: kwa mkandarasi, kwenye kompyuta, au ndani ya kopo la biskuti la bibi mwenye miaka themanini na kitu, ambaye alipotutumia ile picha alituma na ujumbe akituomba, kama haitatusumbua, tumrudishie kipande kimoja cha kigae kile. Tulimtumia viwili.